Dini, Msambwa na Wasomi: Imani ya Kikristo katika Miteremko ya Mlima Elgon

Miongoni mwa majina ya harakati za kidini zilizozuka Kenya wakati wa ukoloni, jina la Dini ya Msambwa lina umbo la kipekee. Neno lake la kwanza ni la asili ya Kiarabu, nalo limekuwa la Kiswahili kwa karne nyingi. Kiunganishi chake ni cha Kiswahili. Neno la mwisho ni la Kibukusu lililovishwa kiambishi cha Kiswahili, kwani Wabukusu husema kumusambwa kwa umoja na kimisambwa kwa wingi. Kiambishi cha awali kimeanguka, mu- ikafupishwa kuwa m-, na neno likaingia bila taabu katika ngeli ileile ya mzimu na mizimu. Jina la namna hii halizuki kwa bahati. Aliyelitunga alikusudia lisikike nje ya mipaka ya lugha yake, na alikusudia pia kudai jambo fulani kwa neno dini.

Mengi yameandikwa juu ya harakati hiyo na mwanzilishi wake, Elijah Masinde. Kitabu cha Audrey Wipper kilichotolewa mwaka 1977 kiliwahesabu wafuasi wake miongoni mwa waasi wa mashambani, J. J. de Wolf, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka huohuo, aliitazama katika mabadiliko ya jumla ya Kenya Magharibi. Gideon Were naye aliipima upya kwa jicho la mwanahistoria mzalendo. Hawa wote walivutwa na yule aliyeasi, na haki ilikuwa upande wao. Lakini mtu mwingine amebaki kivulini: Mkristo wa kawaida wa Kimilili, Malakisi au Cheptais ambaye, upepo ulipovuma, hakuiacha imani yake. Mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja kama kibaraka wa misheni, na msimulizi huendelea na safari yake. Makala haya yanakusudia kumtazama mtu huyo, na hasa maneno ambayo kwayo yeye na wapinzani wake walielewana na kukosana.

Cheptais imo katika mteremko wa kusini-magharibi wa Mlima Elgon, juu ya Malakisi, si mbali na mpaka wa Uganda. Mlima wenyewe Wabukusu huuita Masaba. Wakazi wa sehemu za juu ni Wasabaot, wasemaji wa lahaja za Kikony, Kibok na Kibong'om zilizo katika kundi la Kikalenjin. Chini yao ni Wabukusu, wasemaji wa lugha ya Kibantu. Pamoja na tofauti hiyo kubwa ya lugha, jamii hizi mbili zimeingiliana kwa muda mrefu. Masimulizi ya Wabukusu yenyewe husema kwamba shujaa Mango, baada ya kumuua joka aliyekuwa akila watu, alitahiriwa na Barwa, yaani majirani wa Kikalenjin, na kutoka hapo jando likarudi katika ukoo wote. Mashariki, upande wa Kitale, palikuwa na mashamba ya walowezi ambamo Wabukusu, Wasabaot, Wapokot na wengine walifanya kazi bega kwa bega. Lugha ya mashamba hayo ilikuwa Kiswahili.

Kiswahili kilifika huku na Ukristo kabla ya misheni yoyote kujengwa. Mwaka 1885 Askofu James Hannington, akiwa safarini kuelekea Buganda, alipita Kwa Sundu, mahali panapoitwa leo Mumias. Huko alimwacha shemasi William Jones pamoja na sehemu kubwa ya msafara, naye akaendelea na watu wapatao hamsini. Jones alikuwa Mwafrika aliyekombolewa utumwani akasomeshwa Bara Hindi, kisha akawa mtumishi wa kanisa huko Rabai. Mwezi Oktoba Hannington aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wachache walionusurika walirudi Kwa Sundu na habari hizo, na Jones akabaki na wapagazi wengi, nchi asiyoijua na njia ndefu ya kurudi. Aliwaongoza hadi pwani, wakaingia Rabai mwezi Februari 1886 wakiwa na bendera iliyoandikwa Ichabod, jina la Agano la Kale lenye maana ya utukufu uliotoweka. Hapana shaka kwamba sala zilizosaliwa Kwa Sundu majuma yale zilikuwa, kwa sehemu kubwa, za Kiswahili. Yafaa ikumbukwe pia kwamba katika Buganda, ambako vijana watatu wa misheni waliuawa tarehe 31 Januari 1885 na wengine wengi kuchomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886, mafunzo ya mwanzo ya Alexander Mackay yalitegemea vitabu vya Kiswahili vilivyotafsiriwa Zanzibar. Imani iliyojaribiwa kwa moto katika sehemu hizi ilikuwa imepitia lugha ya pwani kwanza.

Kutoka Buganda, pengine, ndiko pia lilikoenea neno lililompa Mkristo jina lake. Wabukusu, kama majirani zao wengi, walimwita omusomi, na wengi wao basomi. Msomi hakuwa lazima awe mtu wa elimu kubwa. Alikuwa mtu aliyeshika kitabu, akaacha mambo fulani. Misheni ya Marafiki, ambayo wenyeji huitaja tu kwa jina la Friends, ilianzishwa na Wamarekani watatu huko Kaimosi mwaka 1902, kisha ikaenea kaskazini hadi Lugulu katika nchi ya Wabukusu. Wakatoliki wa Mill Hill nao walieneza vituo vyao hadi Kibabii na, juu mlimani, Kibuk. Masharti ya Marafiki yalikuwa makali: pombe marufuku, ngoma marufuku, mke wa pili marufuku.

Mtu wa leo huyasoma masharti hayo kama orodha ya makatazo. Kwa mtu wa miaka ya 1920 kila moja lilikuwa ni kujitenga na watu maalum wenye majina. Pombe ilikuwa ndiyo meza ya wazee; aliyekataa mrija alikataa baraza. Jando la Wabukusu hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kijana huingizwa katika rika lenye jina litakalorudi baada ya vizazi kadhaa: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Kijana msomi aliyepelekwa kwa daktari wa misheni, bila ngoma na bila kupakwa matope ya mtoni, alipata rika kwa hesabu tu. Wenzake waliweza kumdhihaki maisha yote kwamba hakusimama mbele ya kisu. Msibani, mahali pa omuseni aliyesimama kuisema historia ya ukoo na kuwapatanisha walio hai, familia za wasomi zilileta nyimbo za kitabu. Hapo ndipo upinzani wa kwanza ulipotoka, na haukuwa upinzani wa watu wabaya. Ulitoka kwa mjomba, kwa baba mkwe, kwa bibi aliyemlea mtoto. Uchungu wake ulikuwa mkubwa zaidi kwa sababu hiyo.

Upinzani wa pili ulitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1927, katika mikutano ya kuungama huko Kaimosi chini ya mmisionari Arthur Chilson, baadhi ya waumini Waafrika walijazwa, kwa imani yao, na Roho Mtakatifu. Walilia, walitetemeka, walinena kwa lugha. Chilson mwenyewe alikuwa karibu kwenda likizo, na wenzake aliowaachia kazi hawakuyapenda mambo hayo. Waliokataa kunyamaza walifukuzwa katika ushirika, wakapigwa na ndugu zao, na machifu waliokuwa wasomi wenzao wakawasumbua. Kutokana nao lilizaliwa Kanisa la Kiafrika la Roho Mtakatifu. Watu wa nje waliwaita kwa jumla Dini ya Roho, jina lililotumika pia kwa vikundi vya namna hiyo upande wa Wajaluo. Kisa hiki ni lazima kiwekwe mbele ya kile cha Msambwa, kwa maana kinavunja ile dhana nyepesi kwamba kushika imani na kutii misheni ni kitu kimoja. Watu wa Roho walisimama imara katika Ukristo dhidi ya wale waliowaletea Ukristo.

Masinde alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1910 katika eneo la Kimilili. Alikuwa mchezaji mashuhuri wa mpira, na muumini wa Friends tangu ujana. Katika miaka ya 1930 alioa mke wa pili, akatengwa na kanisa. Inasemekana alijitetea kwa Ibrahimu na Yakobo, na kwa kweli ni vigumu kuona mmisionari angemjibu nini kwa kutumia kitabu hichohicho. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yeye na wenzake walianza kufundisha kwamba Wele, Mungu wa Wabukusu, hakuja kwa meli. Kwamba Mwambu na Sela, mume na mke wa kwanza katika masimulizi ya Wabukusu, hawakuwa na haja ya Adamu. Na kwamba Mlima Elgon ndio Sayuni. Alikataa amri za serikali za kung'oa magugu shambani na kazi za kulazimishwa, akafungwa, kisha akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Aliachiliwa mwaka 1947.

Hapa inafaa kulirudia neno dini. Katika Kiswahili cha pwani dini ni njia kamili ya maisha yenye sheria, ibada na jumuiya, na watu wa pwani hawakuwa tayari kuwapa jina hilo wapagani wa bara. Katika bara la magharibi neno hilo lilipungua upana. Kuulizwa "wewe ni wa dini gani?" kulikuwa na maana ya kuulizwa wewe ni wa misheni gani: Friends, Katoliki, au Jeshi la Wokovu. Mila za wazee hazikuwa dini hata kidogo. Kwa misheni zilikuwa giza, na kwa serikali zilikuwa desturi. Masinde alipoweka dini mbele ya msambwa, alifanya kwa maneno mawili jambo ambalo hoja ndefu isingelifanya. Alisema kwamba walichokuwa nacho babu zao kilikuwa cha daraja moja na kile cha Kaimosi. Kwa kuwa alilisema kwa Kiswahili, Mbukusu, Msabaot na Mpokot waliweza wote kulitamka. Kibaya kwa msomi ni kwamba tangu siku hiyo Ukristo wake haukuwa tena dini yenyewe. Ulikuwa dini mojawapo, na ya wageni.

Matukio yaliyofuata yanajulikana. Mwezi Septemba 1947 Masinde aliongoza sala na kafara huko Chetambe, karibu na Webuye, mahali ambapo Wabukusu wengi waliuawa mwaka 1895 na kikosi cha serikali kilichoongozwa na C. W. Hobley. Moto ulianza kuonekana usiku katika majengo ya misheni, ya serikali na ya walowezi. Mapema Februari 1948 umati wa wafuasi ulikwenda kwenye misheni ya Kikatoliki ya Kibuk, ukiwataka mapadre waondoke. Tarehe 10 mwezi huo polisi waliufyatulia risasi umati mwingine huko Malakisi, wakaua watu 11. Siku chache baadaye harakati ikapigwa marufuku na Masinde akakamatwa. Alihamishiwa Lamu. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba nabii wa msambwa aliwekwa kizuizini katika mji wa misikiti na tenzi, mahali ambapo neno dini lilikuwa na maana ileile ya kale aliyokuwa amelinyang'anya. Tarehe 24 Aprili 1950, huko Kolloa katika nchi ya Wapokot wa Baringo, wafuasi wa Lukas Pkech walipambana na polisi. Pkech na zaidi ya watu wake 20 waliuawa, na upande wa serikali wakafa maofisa 3 Wazungu na askari 1 Mwafrika.

Katika siku hizo, msomi wa Kibuk au wa Lugulu alikuwa katika hali gani? Kwa jirani yake aliyeimba Sayuni juu ya Masaba, yeye alikuwa mtu wa Wazungu. Kwa mkuu wa wilaya, yeye alikuwa Mbukusu au Msabaot, yaani mtu wa kutiliwa shaka, labda na ndugu wawili katika harakati. Akinyamaza juu ya moto, serikali ilimhesabu mshirika wa wachomaji; akisema, aliwatoa watoto wa ukoo wake gerezani au kwenye kamba. Kanisa lililokuwa likichomwa halikuwa jumba la mmisionari. Aghalabu lilikuwa banda la udongo na nyasi lililojengwa kwa mikono ya waumini wenyewe, ambalo mchana lilikuwa darasa la watoto wao.

Ni rahisi kusema kwamba alibaki kwa ajili ya shule, kazi na blanketi. Kwa baadhi ya watu hilo lilikuwa kweli. Ukristo wa machifu, hasa, ulikuwa na mshahara ndani yake. Lakini hoja hiyo ikipanuliwa kwa wote inamdhulumu mwanamke mzee aliyekuwa akienda ibadani bila kujua kusoma na bila mwana serikalini. Wala haielezi kwa nini watu wa Roho, waliokuwa na malalamiko yao wenyewe dhidi ya misheni, kanisa lao lilibaki kanisa la Kristo. Isitoshe, Marafiki kwa imani yao hukataa kuapa kiapo cha aina yoyote na kukataa kushika silaha. Msomi aliyeichukua imani hiyo kwa uzito wake alikuwa na sababu ya kukataa kiapo cha siri, na sababu ileile ya kukataa bunduki ya serikali. Miaka michache baadaye, katika vita vya Mau Mau, baadhi ya Wakristo wa uamsho wa Ugikuyu walishika msimamo kama huo: hawakula kiapo, na hawakukubali kuwa walinzi wenye silaha. Pande zote mbili ziliwaona wasaliti. Msimamo wa namna hiyo hauna maslahi ndani yake, na mwanahistoria anayetafuta maslahi kila mahali hatauona.

Kuna udhaifu mmoja wa wasomi ambao haufai kufichwa, nao ni wa lugha. Marafiki walikuwa wametafsiri Agano Jipya kwa Lulogooli, lugha ya Maragoli, likatoka mwaka 1925, na Biblia nzima mwaka 1951. Katika kazi hiyo Joel Litu alikuwa mfasiri hodari kuliko anavyosifiwa. Mbukusu wa Lugulu aliambiwa asome Lulogooli. Katika miaka ya 1940 kamati ya lugha ilijaribu kuunda Kiluyia kimoja cha maandishi, na Wabukusu hawakuipenda. Msabaot wa Cheptais alikuwa mbali zaidi: angeweza kusoma Biblia ya Kinandi ya mwaka 1939, iliyo jamaa ya lugha yake lakini si lugha yake, au Kiswahili. Kwa hiyo Masinde aliposema kwamba Mungu wa misheni ni mgeni, hakuhitaji ushahidi wa mbali. Ushahidi ulikuwa mimbarini kila Jumapili. Msomi alilazimika kuamini katika lugha ya jirani, na wengi, walipochoka na Lulogooli, walikimbilia Kiswahili cha Muungano kilichotoka mwaka 1952, ambacho angalau hakikuwa cha kabila lolote waliloshindana nalo. Wabukusu walipata Agano Jipya lao katika miaka ya 1990, na Wasabaot wakapata la kwao mwaka 1997.

Baada ya uhuru mambo yalipinduka kwa namna ya kuchekesha na kuhuzunisha. Dini ya Msambwa iliandikishwa kisheria mwaka 1964, na mwaka 1968 ikapigwa marufuku tena, mara hii na serikali ya Waafrika ambayo wengi wa mawaziri wake walikuwa wamesoma shule za misheni. Masinde aliingia gerezani tena zaidi ya mara moja. Alifariki mwaka 1987.

Waumini wa mlima nao walikutana na upinzani mwingine, usio na msambwa ndani yake. Askofu Alexander Muge wa Eldoret, ambaye dayosisi yake ya Kianglikana ilihudumia pia eneo la Kitale, aliionya serikali hadharani juu ya unyakuzi wa ardhi na njaa ya Wapokot. Mwezi Agosti 1990 waziri mmoja alimtishia kwamba akikanyaga Busia hatatoka salama. Muge alikwenda, akahubiri, na tarehe 14 alikufa njiani akirudi, gari lake lilipogongana na lori. Mwishoni mwa mwaka 1991 mapigano ya kikabila yalifika Trans Nzoia na Mlima Elgon, na maelfu wakakimbilia misheni na makanisa. Baraza la Taifa la Makanisa lilichapisha taarifa yake juu ya vita hivyo mwaka 1992. Ushirika ambamo Mbukusu na Msabaot walikuwa wamepokea meza moja uliulizwa swali ambalo Malakisi ya 1948 haikuuliza: je, ndugu katika imani ni ndugu hata mshale unapokuwa na jina la kabila?

Swali hilo lilirudi Cheptais kwa ukali zaidi kati ya mwaka 2006 na 2008, wakati kundi la ulinzi wa ardhi la Wasabaot lilipoinuka kutokana na ugomvi wa mashamba ya Chepyuk. Safari hii waliouawa na kukatwa masikio walikuwa kwa sehemu kubwa Wasabaot wenyewe, na vijana waliingizwa katika kundi kwa nguvu. Mwezi Machi 2008 jeshi liliingia mlimani. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika juu ya mateso waliyofanyiwa wanaume waliokusanywa katika kambi ya Kapkota. Operesheni hiyo ya jeshi ilipewa jina la Kiswahili: Okoa Maisha. Kitenzi ni kilekile ambacho kwacho Mkristo wa Cheptais, akisimama kanisani kutoa ushuhuda wake, husema kwamba ameokoka.